Kisumu hadi Mombasa: Safari ya saa moja inayomeza nusu siku

ANAYETAKA kujua umbali wa angani kati ya Uwanja wa Ndege wa Kisumu na ule wa Moi, Mombasa, hapati taabu siku hizi. Huandika majina mawili kwenye simu yake na, kufumba na kufumbua, jibu limeshatua: kilomita 695 hivi, muda wa kuruka saa moja na dakika 22.

Jibu hilo ni sahihi, na papo hapo linapotosha. Ni sahihi kwa sababu umbali ndio huo. Linapotosha kwa kuwa msafiri wa kawaida anayeondoka Kisumu kwa ndege, iwapo hakupata ndege ya moja kwa moja, atatumia saa sita au saba kabla hajaukanyaga mchanga wa Pwani. Baina ya saa moja na saa saba pana mahojiano ya kazi yaliyokosa mhojiwa, kesi iliyoahirishwa kwa kukosa shahidi, na mwana aliyefika maziara yamekwisha.

Ni vyema basi msomaji aelewe hesabu hizi hutoka wapi, na muda wake huishia wapi.

Tuanze na umbali. Ardhi ni mviringo, kwa hivyo njia fupi kabisa kati ya viwanja viwili si mstari unaochorwa kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Chukua chungwa, ushike uzi kwa vidole viwili na kuukaza juu ya ganda lake. Pale uzi unapolala ndipo ilipo njia fupi. Kwa safari ndefu, kwa mfano kutoka Nairobi hadi New York, tofauti ya njia ya uzi na ile ya rula ni kubwa mno. Kwa Kisumu na Mombasa, miji iliyo karibu na Ikweta na isiyotengana sana, tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haifai kumkosesha mtu usingizi.

Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, upande wa kusini. Mombasa iko digrii nne kusini mwa Ikweta, na digrii tano kasoro kidogo mashariki mwa Kisumu. Digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852, kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka wa 1929. Marubani walirithi kipimo hicho kutoka kwa mabaharia na hawajakiacha hadi leo. Ndiyo maana rubani atakwambia Mombasa iko maili 375 kutoka Kisumu na dereva wa basi atakwambia ni kilomita 830. Hapana anayedanganya. Mmoja anapima mstari wa angani kwa maili za baharini. Mwingine anahesabu kona zote za Kericho, Nakuru, Nairobi na Voi.

Muda nao hupatikana kwa njia rahisi mno. Programu nyingi za kukadiria muda wa safari huchukua umbali, zikaugawa kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kisha zikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kilomita 695 kwa mwendo huo ni dakika 52. Ongeza 30, unapata saa moja na dakika 22. Programu haijui kama kuna ndege inayofuata njia hiyo, haijui ni ndege ya aina gani, wala haijui kama viwanja hivyo viwili vimewahi kupokezana abiria hata mmoja. Ukiiuliza muda wa kuruka kutoka Lodwar hadi Lamu itakujibu kwa ujasiri ule ule.

Aina ya ndege ndiyo inayobadilisha mambo. Boeing 737 au Embraer 190, ambazo huendeshwa na injini za jeti, hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa zikishafika juu. Ndege ya rafadha ya Dash 8-400, ambayo Wakenya wengi wameipanda katika safari za humu nchini, mwendo wake wa juu ni kilomita 667 kwa saa. Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja inayotua hata kwenye viwanja vya murram, haifiki kilomita 350. Kwa masafa ya Kisumu na Mombasa, jeti ingetumia saa moja na dakika kama kumi, Dash 8 ikatumia karibu saa moja unusu, na Caravan zaidi ya saa mbili.

Msomaji ataona kwamba jeti ina kasi kubwa lakini haimwachi mwenzake mbali. Sababu ni kwamba safari fupi ni kupanda na kushuka tu. Jeti hutumia sehemu kubwa ya muda huo ikipanda kuelekea kimo chake, na punde inapokifikia huanza kuteremka. Isitoshe, mashirika huandika kwenye ratiba muda wa kuanzia ndege inapoondoka mlangoni hadi inaposimama mlango wa pili, si muda wa magurudumu kuwa hewani. Kujikokota kuelekea njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara, kuzunguka wakati ndege nyingine inatua: yote hayo yamo ndani ya dakika unazoziona kwenye tiketi.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Abiria wengi huamini kwamba safari ya Kisumu na Mombasa ni ndefu kwa sababu inapitia Nairobi, yaani mtu anazungushwa. Si kweli. Kutoka Kisumu hadi Uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita 280 angani. Kutoka hapo hadi Mombasa ni kilomita 422. Jumla ni 702. Tofauti na mstari ulionyooka, ule unaopita juu ya Narok, karibu na Kajiado, kisha vilima vya Chyulu, ni kilomita saba pekee. Ndege hupita umbali huo kwa nusu dakika au zaidi kidogo.

Eldoret ndiyo inayostaajabisha zaidi. Ukichora mstari kutoka uwanja wa Eldoret hadi ule wa Mombasa, takriban kilomita 690, mstari huo hupita juu ya uwanja wa Jomo Kenyatta kana kwamba viwanja vyote vitatu vilipangwa kwa uzi wa fundi mwashi. Anayetoka Uasin Gishu kwenda Pwani kupitia Nairobi haongezi hata kilomita moja ya maana.

Hili halikutokea kwa mpango wa wanaanga. Ni kazi ya reli. Wajenzi wa reli ya Uganda walianza Mombasa mwaka wa 1896, wakapiga kambi mahali pa tambarare na penye maji mwaka wa 1899, mahali palipokuja kuitwa Nairobi, na kufika ufuoni mwa Ziwa Victoria mwaka wa 1901. Walikuwa wakitafuta njia ya kufika ziwani, na kambi yao ya katikati ikageuka kuwa jiji kuu. Ndege za leo zinafuata nyayo za garimoshi, ila garimoshi lilihitaji zaidi ya kilomita 900 za reli kuukamilisha mwendo huo.

Kuna jambo jingine katika historia ambalo wengi hawalijui. Mwaka wa 1937, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipoanzisha safari za ndege za kutua majini kutoka Southampton hadi Durban, Kisumu na Mombasa zilikuwa vituo vya njia hiyo. Ndege aina ya Short Empire zilitua ziwani Kisumu, zikaja kutua tena kwenye maji ya Mombasa, kabla ya kuendelea Dar es Salaam na Lindi. Mwendo wao wa kawaida ulikuwa kilomita 265 hivi kwa saa, ambao kwa masafa haya ni kama saa mbili na dakika 40. Abiria wake hawakuwa watu wa kawaida, na Mwafrika hakuwa na nafasi humo. Hata hivyo, ni ajabu kidogo kwamba chombo cha miaka hiyo, kilichokuwa na mwendo chini ya nusu ya Dash 8, kingeweza kumshinda msafiri wa leo anayekwama Nairobi.

Maana hapo ndipo muda unapopotelea. Hebu tuhesabu. Abiria anatakiwa awe uwanjani Kisumu angalau saa moja kabla ya ndege kuondoka. Wengi hufika mapema zaidi kwa kuhofia foleni ya ukaguzi. Safari ya Nairobi ni dakika 45 hadi 60. Akiwa Nairobi husubiri ndege ya pili saa mbili, tatu au hata nne, kutegemea ratiba. Safari ya Mombasa ni saa moja hivi. Kisha kuna mizigo, na kutoka Port Reitz hadi kisiwani kwa gari, ambako msongamano wa Changamwe na Makupa humkaribisha mgeni kwa namna yake. Akiwa anaelekea Ukunda, kuna kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Kati ya saa hizo zote sita au saba, muda ambao magurudumu hayagusi ardhi haufiki saa mbili.

Kusubiri huko kunaweza kupunguzwa au kuongezwa na namna mtu alivyonunua tiketi, na hapa ndipo wasafiri wengi huumia. Tiketi moja iliyoandikwa Kisumu hadi Mombasa ni mkataba mmoja. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, shirika lililokuuzia ndilo lenye jukumu la kukutafutia nafasi nyingine. Lakini ukinunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya kukufikisha Nairobi na nyingine ya kukutoa Nairobi, huenda kwa sababu bei ilikuwa nafuu, basi machoni pa shirika la pili wewe ni abiria aliyechelewa tu. Ndege haitakusubiri na nauli inaweza kupotea. Mzigo nao hautahamishwa. Utauchukua mwenyewe na kujiandikisha upya.

Jingine ni kwamba Nairobi ina viwanja viwili. Ndege kadhaa za humu nchini, hasa ndogo, hutumia Wilson kando ya barabara ya Lang'ata, wakati nyingine hutumia Jomo Kenyatta kule Embakasi. Katika ramani viwanja hivyo vimetengana kwa kilomita 12 hivi tu. Barabarani, hasa jioni ya Ijumaa yenye mvua, umbali huo unaweza kumeza muda mrefu kuliko safari yenyewe ya kutoka Kisumu. Anayekata tiketi na asome jina la uwanja, asiridhike na neno Nairobi.

Je, kwa nini mashirika yasirushe ndege moja kwa moja kila siku na kuyamaliza haya? Yamewahi kujaribu, na miaka ya hivi karibuni safari za kuunganisha Pwani na magharibi bila ya kupitia Nairobi zimekuwa zikitangazwa, mara nyingine kwa siku chache tu za wiki. Tatizo ni viti. Dash 8-400 hubeba abiria 78. Ili irejeshe gharama ya mafuta, marubani, ada za viwanja na matengenezo, inahitaji sehemu kubwa ya viti hivyo iwe imekaliwa. Kupata watu 60 wanaotaka kutoka Kisumu kwenda Mombasa Jumatano asubuhi si rahisi. Lakini ndege inayokwenda Nairobi saa iyo hiyo inabeba wa Mombasa, wa Malindi, wa Dubai, wa London, na wale ambao safari yao inaishia Nairobi. Kila abiria ana mwisho wake, ila wote wanajaza ndege moja.

Kwa maoni ya mwandishi, hesabu hiyo ya mashirika inaeleweka, lakini haijataja upande wa pili wa daftari. Maelfu ya watu kutoka maeneo ya ziwa wamefanya kazi bandarini, kwenye viwanda na hotelini Pwani kwa vizazi kadhaa, na desturi inawataka wakazikwe nyumbani. Abiria wapo. Ila wengi wao hawasafiri kwa mpango wa mwezi mmoja. Huitwa kwa simu ya usiku. Nauli ya ndege hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, na mtu wa dharura ndiye anayekuta bei iko juu kabisa. Basi hupanda basi.

Ikiwa Kisumu na Mombasa hazina mzunguko wa kweli, pana viwanja ambavyo vinao. Chukua Lodwar, Turkana, na Manda, uwanja wa Lamu. Mstari wa angani kati yao ni kilomita 840 hivi, unaokata nchi kutoka kaskazini magharibi hadi kusini mashariki. Kwa kupitia Wilson, Nairobi, ni kilomita 510 za kwanza na 467 za pili, yaani karibu kilomita 980. Hapo mtu ameongezwa kilomita 140. Na kwa kuwa safari za kwenda Lodwar na Lamu ni chache kwa siku, kuna uwezekano mkubwa alale Nairobi. Mwalimu wa Lamu aliyetumwa kufunza Turkana, au muuguzi wa Lodwar aliyehamishiwa Lamu, anasafiri siku mbili ndani ya nchi moja, muda unaotosha mtu kwenda Ulaya, kulala na kuamka.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Wanaoruka kati ya Ulaya na Marekani hukutana na pepo kali za juu ambazo hufanya safari ya kwenda itofautiane na ya kurudi kwa karibu saa nzima. Hapa kwetu Ikweta pepo za juu ni pole, kwa hivyo tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika chache. Kinachochelewesha ndege zetu ni mawingu. Alasiri, hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, ikageuka ngurumo na mvua ya mawe. Rubani huyakwepa mawingu hayo, na kila anapoyakwepa anaongeza kilomita. Ndiyo sababu safari ya asubuhi kutoka Kisumu aghalabu huwa tulivu kuliko ya jioni. Nairobi nayo, hasa miezi ya Juni na Julai, mawingu yake hulala chini asubuhi mapema. Ndege moja ikichelewa hapo, mlolongo wa safari za siku nzima huvurugika, kwa kuwa ndege ile ile iliyotarajiwa kukuchukua Kisumu saa nne ndiyo iliyokwama Nairobi saa moja.

Kimo cha viwanja pia kina athari. Mombasa iko mita 60 tu juu ya bahari. Kisumu zaidi ya mita 1,100. Nairobi zaidi ya mita 1,600. Na Eldoret zaidi ya mita 2,100. Juu huko hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa na nguvu na mabawa hayainuliwi vizuri, kwa hivyo ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla haijapaa. Njia ya kurukia ya Nairobi imepita kilomita nne, na ya Eldoret ni kilomita tatu na nusu, kwa sababu hiyo.

Msafiri mgeni azingatie pia saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, bila ya kujali saa za Kiswahili. Ikiandikwa 07:15, hiyo ni saa moja na robo asubuhi. Si mara moja mtu mzima amefika uwanjani saa saba mchana akiwa amebeba mfuko wa samaki, akaambiwa ndege yake iliondoka asubuhi. Aidha, ingawa saa za ukutani ni zile zile nchini kote, jua halifuati serikali: huzama Mombasa takriban dakika 20 kabla halijazama Kisumu. Aliyefunga Ramadhani akaruka alasiri kutoka ziwani kuelekea Pwani atafuturu mapema kuliko jamaa aliowaacha. Na kama safari ni ya mchana wenye anga safi, aketi dirisha la kulia baada ya Nairobi. Kilimanjaro itakuwa upande huo.

Turudi kwa yule aliyepigiwa simu. Tuseme yuko Changamwe, ni saa mbili usiku, na ameambiwa mzazi wake yu mahututi Kisumu. Basi la usiku, kilomita 830 kwa saa 15 hivi, litamfikisha saa tano asubuhi likiondoka wakati huo huo. Ndege ya kwanza ya alfajiri itamfikisha Nairobi kabla ya saa mbili. Akipata ya pili saa tatu, atakuwa Kisumu saa nne na ushei, saa moja hivi mbele ya basi, baada ya kulala usiku kitandani ikiwa usingizi utakuja. Ndege ya pili ikiwa ni ya saa tano, basi limemtangulia. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala wa tiketi usiku huo si ndege huchukua muda gani. Aulize ya pili inaondoka Nairobi saa ngapi, kutoka uwanja upi, na kama zote mbili ziko kwenye tiketi moja.